Mililita Tatu

Kupe wa masikio huhesabiwa kwa kidole kabla ya macho. Unalishika sikio la ndama kwa mkono wa kushoto, unalikunjua, kisha unapitisha kidole gumba cha mkono wa kulia ndani yake polepole, kuanzia kwenye shina kwenda kwenye ncha. Kila unapogusa kitu kigumu kama punje ya ulezi, unahesabu. Baada ya wiki chache kidole kinazoea. Kinajua kupe aliyeshiba na mwenye njaa, na kinatofautisha kupe na kigaga.

Nilihesabu masikio kwa miezi minane katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mara, upande wa magharibi wa Serengeti, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Ndama walikuwa 40, kila mmoja na hereni ya njano yenye namba. Nilitaka kujua ndama wa eneo lile huambukizwa ndigana kali wakiwa na umri gani. Kila mwezi nilipita kaya kwa kaya, nikahesabu kupe, nikachukua damu kidogo, nikapima joto, nikaandika. Ndama mwenye hereni akiugua, nilipaswa kumtibu. Hilo lilikuwa sharti la kamati ya maadili, na tuliwaahidi wenye ndama kwa maandishi. Ndiyo maana kwenye begi langu nilibeba dawa, na daftari la dawa lenye safu nne: tarehe, namba ya hereni, mililita zilizotumika, mililita zilizobaki.

Safu ya pili ndiyo chanzo cha insha hii. Ilitaka namba ya hereni.

*

Kwa Kiswahili, mnyama ambaye kupe anaishi juu yake tunamwita mwenyeji. Sijui nani alichagua neno hilo, lakini alichagua vizuri, kwa sababu kupe ana tabia zote za mgeni. Yule wa kahawia apendaye masikio, ambaye wanasayansi humwita Rhipicephalus appendiculatus, ana wenyeji watatu katika maisha yake. Akiwa mchanga kabisa hupanda kwenye jani, husubiri mnyama apite, humdandia, hunyonya siku kadhaa, akishiba hujiangusha. Hukaa ardhini hadi ajivue ngozi, kisha hupanda tena kwenye jani kumsubiri mwenyeji wa pili. Hujiangusha tena, hujivua tena, na akiwa mtu mzima humtafuta wa tatu. Jike akishiba mara ya mwisho huenda kutaga mayai yake ardhini, na hufa.

Kimelea cha ndigana, Theileria parva, hakipiti kwenye mayai. Kila kizazi cha kupe huzaliwa safi. Kupe hukipata kwa mwenyeji mmoja na kukipeleka kwa anayefuata. Na hata akishafika, hakitoi mara moja. Siku za mwanzo hunyonya tu, huku kimelea kikiendelea kukomaa kwenye tezi zake za mate. Kwa kawaida ni siku ya tatu hadi ya tano ndipo mate yanaanza kumwaga vimelea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfugaji anayemwondoa kupe kabla ya siku ya tatu anafuata usia huo bila kujua.

Kinachotokea baadaye kinatisha hata kwenye hadubini. Kimelea huingia kwenye seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na kuzifanya zigawanyike bila kukoma, mfano wa saratani. Kila seli inapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika, na kila mtoto wa seli hupata fungu lake. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba kwanza, kisha ya mbele ya bega. Joto hupanda. Mwishowe mapafu hujaa maji, na povu hutoka puani. Nyati wa Serengeti wanaishi na kimelea hicho bila kuugua, kwani wamezoeana kwa vizazi visivyohesabika. Ng'ombe ndiye mgeni katika uhusiano huo wa zamani, na ng'ombe wa kizungu ni mgeni zaidi.

Dawa ipo. Inaitwa buparvakwoni, na kipimo chake ni mililita moja kwa kila kilo 20 za mnyama. Ndama wa kilo 60 anahitaji mililita tatu. Inafanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mwanzoni. Mapafu yakishajaa, unachoma sindano ili usionekane umekaa tu.

*

Ilikuwa Ijumaa, karibu na saa sita mchana. Nilikuwa nimemaliza kwenye boma moja na ninafunga begi nyuma ya pikipiki, mama wa nyumba ya jirani akaja akanisimamisha. Nilimfahamu kwa salamu tu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Daktari, njoo uniangalizie ndama wangu. Siku ya tatu leo hanyonyi vizuri.”

Alikuwa ndama jike, chotara, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mama yake ng'ombe wa kienyeji, baba yake mbegu ya Friesian iliyoletwa na mtu wa uhimilishaji. Mama huyu alikuwa mjane. Alikuwa ameuza ulezi wa msimu mzima kulipia huduma ile, kwa sababu alikuwa amehesabu: ndama huyu akikua, maziwa yake yatamsomesha mjukuu. Hayo aliniambia baadaye. Siku ile nilichokiona ni tezi iliyovimba chini ya sikio, kubwa kama yai la kuku. Kipimajoto kilisoma 41.2. Alikuwa anahema haraka, lakini puani hapakuwa na povu. Hakuwa na hereni.

“Ni ndigana,” nilisema.

“Dawa unayo?”

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye begi, hatua kumi kutoka pale, chupa moja nzima na nyingine iliyofunguliwa. Nilimjibu hivi: “Ya huyu sina, mama. Mwambie bwana mifugo, kesho atapita.”

Ya huyu sina. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na bado nashangaa jinsi Kiswahili kilivyonisaidia. Haikuwa uongo. Kwa hesabu ya daftari, dawa ya ndama yule kweli sikuwa nayo, nilikuwa na dawa ya ndama 40 wengine. Lakini mama hakuona daftari. Alichosikia ni kwamba sina.

Mtandao wa simu ulikuwepo. Ningeweza kumpigia msimamizi wangu. Sikumpigia, na nataka kuwa mkweli kuhusu sababu: nilihofia angesema nimtibu. Angesema hivyo, ningelazimika kueleza kwenye daftari, na kesho kuwaeleza wengine ambao wangekuja. Nisipopiga, kanuni ingeamua badala yangu, nami ningeendelea na safari.

Bwana mifugo hakupita Jumamosi. Jumapili mama alikopa pesa, akapanda bodaboda kwenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Dukani hawauzi mililita tatu. Wanauza chupa. Alinunua chupa, akarudi jioni, akamtafuta kijana anayejua kuchoma sindano. Povu lilikuwa limeshaanza. Jumanne asubuhi ndama alikufa.

*

Sasa niseme upande wa kanuni, kwa sababu kanuni ile haikuwa ya kijinga, wala walioiweka hawakuwa na roho mbaya.

Kwanza, ile dawa ilikuwa ahadi. Wenye ndama 40 walikubali tuwatoboe mifugo wao kila mwezi, kwa makubaliano kwamba tutawatibu. Kila mililita ninayoitoa nje ya orodha ninaichukua kwa mtu niliyemwahidi. Huwezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwenzako.

Pili, kesho ipo. Ningemtibu ndama yule Ijumaa, Jumatatu ningewakuta watu kumi njiani, na wote wangekuwa na haki ileile. Dawa ingekwisha kabla ya mwezi. Peter Singer, mwanafalsafa kutoka Australia, aliandika mwaka 1972 juu ya mtoto anayezama kwenye kidimbwi: ukipita na unaweza kumwokoa kwa gharama ya kulowesha nguo tu, lazima umwokoe. Nani atabisha? Lakini katika mfano ule kidimbwi ni kimoja na mtoto ni mmoja. Kijiji changu kilikuwa na vidimbwi kila boma, nami nilikuwa na kamba moja ambayo nimeshaikodisha.

Tatu, kuna kazi yenyewe. Tukijua ndama huambukizwa wakiwa na umri gani, tunajua wachanjwe lini, na wapo ndama wengi sana nyuma ya jibu hilo. Mtafiti anayegeuka kuwa mganga wa kijiji kizima mwishowe hana utafiti, na ndama wa mwaka kesho hawana jibu.

Nilizipanga sababu hizi kichwani usiku ule wa Ijumaa kwenye chumba nilichopanga, na zote tatu zilisimama. Mpaka leo zinasimama. Hilo ndilo linalonisumbua. Kama kanuni ingekuwa mbovu, ningeilaumu kanuni na kulala.

*

Somo letu lina dhana moja ambayo wanafunzi wote huipenda, kwa sababu ni nzuri kama hesabu inayokubali. Kwa Kiswahili ningeiita utulivu wa ugonjwa. Inasema hivi: mahali ambapo kupe wenye kimelea wapo mwaka mzima, ndama wa kienyeji huumwa mapema sana, wengi hupona, na waliopona hubaki na kinga. Ng'ombe wakubwa hawafi. Ugonjwa upo kila mahali, lakini hauonekani. Ukiingilia kati vibaya, ukaogesha ng'ombe kila wiki kwa miaka mingi mpaka kupe wakatoweka, unapata kundi lisilo na kinga. Siku josho likikauka, janga linakuja.

Hii si nadharia tu. Katika Rhodesia ya miaka ya 1970, Zimbabwe ya leo, vita vya ukombozi vilivunja mfumo wa majosho uliokuwa umeendeshwa kwa nguvu ya sheria kwa miongo mingi. Inakadiriwa kwamba karibu ng'ombe milioni 1 walikufa kwa magonjwa ya kupe. Kwa hiyo wataalamu wanaposema tusikimbilie kumaliza kupe, tuache ndama waumwe kidogo, wana hoja.

Nilipoisoma dhana hiyo darasani niliandika pembeni ya daftari: “Asili ina hekima.” Nilipoirudia baada ya ile Jumanne, niliona neno moja nililokuwa nimeliruka. Wengi hupona. Wengi, si wote. Utulivu ule una bei, na bei yake ni ndama kadhaa kila mwaka. Kundi linalipa, kundi linabaki salama, na kwenye grafu mstari unanyooka. Lakini kundi halina uchungu. Mwenye uchungu ni mtu, na mtu huwa na ndama mmoja au wawili. Tajiri mwenye ng'ombe 200 akipoteza ndama sita, amelipa kodi. Mjane mwenye ng'ombe mmoja akipoteza ndama mmoja, amefilisika. Wote wawili wako ndani ya utulivu uleule.

Tuna msemo kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Utotoni nilidhani unazungumzia bahati. Sasa naona una takwimu ndani yake. Ng'ombe wa maskini anazaa kama wengine. Ila maskini ana ng'ombe wachache mno kiasi kwamba wastani haumfikii. Wastani ni chakula cha wenye vingi.

Na kuna jambo jingine. Yule ndama hakuwa wa kienyeji. Alikuwa chotara, na alikuwa chotara kwa sababu sisi wasomi, kwenye semina na kwenye redio, tumewaambia wafugaji kwa miaka mingi waboreshe mbari zao ili wapate maziwa. Mama alitii. Alichukua damu ya Ulaya isiyoijua ndigana akaileta kwenye nchi ya nyati. Hatukumwambia kwa sauti ileile kwamba akifanya hivyo anatoka kwenye ule utulivu, na kwamba kuanzia siku hiyo atahitaji dawa ya kuogeshea, bomba la kunyunyizia, na mtu mwenye mililita tatu siku ya Ijumaa.

*

Chanjo ya ndigana ndiyo iliyonisaidia kufikiri vizuri, kwa sababu ni chanjo yenye maadili ya ajabu. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Unachukua kupe wachanga, unawalisha kwenye ng'ombe aliyeambukizwa. Wakikua unawaweka kwenye masikio ya sungura kwa siku chache ili vimelea vikomae kwenye mate. Kisha unawasaga kupe hao, unachuja, na unagandisha vimelea hai kwenye naitrojeni ya maji. Siku ya chanjo unamchoma ndama sindano mbili kwa wakati mmoja. Moja ina ugonjwa wenyewe, mzima, wenye uwezo wa kumuua. Nyingine ni antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo hupunguza makali ya ugonjwa mpaka mwili ujifunze. Ukisahau sindano ya pili, umemuua.

Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea chanjo hii kwa wingi kuliko watu wengi walivyotarajia. Nadhani najua sababu mojawapo. Mtu anayekuja na chanjo ile hawezi kuficha anachofanya. Anasema: ninamwambukiza ndama wako, kuna hatari, hii hapa sindano ya pili, nitakaa nimwangalie, na hereni hii ni alama ya kwamba nimefanya. Mfugaji anaamua akiwa anaona mikono yote miwili.

Mimi nilionyesha mkono mmoja. Kosa langu, nimefikia kuamini, halikuwa kumnyima mama dawa. Inawezekana kabisa kwamba nilipaswa kumnyima. Kosa lilikuwa kunyima bila kuonekana nimenyima. Laiti ningesema, “Ninayo, mama, lakini ni ya ndama wa orodha, na sikupi, na sababu ni hizi,” ningekuwa nimemkabidhi kitu. Angeweza kunitukana. Angeweza kwenda kwa jirani yake mwenye ndama mwenye hereni akamwomba: niachie mililita tatu za fungu lako, nitakulipa. Majirani wale wanaazimana mpaka chumvi, sioni kwa nini wasiazimane hilo. Angeweza kunilazimisha nipige simu. Au angepanda bodaboda Ijumaa ileile saa saba, badala ya kumsubiri bwana mifugo ambaye mimi mwenyewe nilijua kwamba mara nyingi hapiti. Nilimnyima dawa, halafu nikamnyima na siku mbili. Dawa ilikuwa na wenyewe. Siku zile mbili zilikuwa zake.

Kanuni inaweza kukupa haki ya kusema hapana. Haikupi haki ya kuifanya hapana yako ionekane kama hali ya hewa, kitu kilichotokea tu, kisicho na mtu nyuma yake. Siku hizi naiona “ya huyu sina” kila mahali. Dirishani kwenye ofisi, mtu anaambiwa mfumo haukubali. Zahanati, mtu anaambiwa dawa hazijaja. Chuoni, tunaambiwa utaratibu hauruhusu. Huenda yote ni kweli. Lakini karibu kila mara kuna begi hatua kumi kutoka pale, na mtu anayejua kilichomo, na anayejikinga kwa sentensi.

*

Kuna mtu ninayemfikiria ninapoandika haya, Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza. Akiwa Kongo alichunguza homa inayosababishwa na papasi, wale kupe laini wanaokaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya waliolala. Yeye na mwenzake John Todd walionyesha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa ile ya kurudiarudia, na wote wawili wakaambukizwa. Dutton alifariki huko Kasongo mwezi Februari mwaka 1905. Bakteria wa homa hiyo amepewa jina lake, Borrelia duttonii. Simtaji ili tuwalilie wakoloni. Kongo ya wakati ule ilikuwa na vifo ambavyo hakuna aliyevipa majina. Namtaja kwa sababu bei ya elimu ile, kwa upande wake, aliilipa mwenye kuitafuta. Katika elimu yangu mimi, bei ililipwa na mama mwenye ndama mmoja, na jina langu ndilo litakaloandikwa kwenye jalada.

Wazee wetu wa siasa za Ujamaa walikuwa na tusi kwa watu wanaoishi kwa jasho la wengine. Waliwaita kupe. Zamani niliona ni tusi la kupitiliza, lakini sasa nauona ukaribu wake na ratiba yangu. Nilikuja, nikachukua damu, nikajiangusha, nikaenda mjini kuisaga, nikajivua ngozi ya mwanafunzi, na sasa niko juu ya jani nikisubiri mwenyeji wa pili, yaani ufadhili wa udaktari wa falsafa. Tofauti ambayo ningependa iwepo kati yangu na kupe ni kwamba mimi naweza kurudi.

Nilirudi. Utafiti ulipokwisha nilihesabu dawa, na zilibaki chupa moja na nusu. Ndama watatu tu wa orodha walikuwa wameugua, na wote walipona. Ijumaa ile sikuwa na njia ya kujua hivyo, kwa hiyo hesabu hiyo hainihukumu. Lakini hainiachi. Nilikwenda kwa mama, nikakaa kwenye kigoda alichonipa, nikamwambia yote: begi, chupa, daftari, simu niliyokuwa nayo mfukoni.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, “Wale wenye hereni mliwapata kwa kura?”

“Ndiyo mama. Kila kaya iliandikwa, tukachagua kwa kura, ili tusipendelee.”

“Nami nilikuwepo siku ile pale ofisi ya kijiji. Ng'ombe wangu alikuwa na mimba, mkaniandika. Nikakosa.” Alitikisa kichwa. “Mlisema ni kura ya kuhesabu kupe. Kumbe ilikuwa kura ya dawa.”

Sikuwa na jibu. Kwenye tasnifu yangu sura ya tatu ina aya nzima inayoisifu kura ile: kila kaya ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ni kweli. Kila kaya ilikuwa na nafasi sawa pia ya kuachwa, ila hilo halikuwa na aya. Na ndama mweusi mwenye baka jeupe hayumo kwenye jedwali lolote. Vifo vya ndigana katika utafiti wangu ni sifuri. Nimeliandika hilo kwenye matokeo kwa sababu ndivyo ilivyo, na msomaji atafurahi akiliona.

Mama hakunisamehe kwa maneno, wala sikumwomba. Alinipa uji wa ulezi. Nilipotaka kuondoka alinishika mkono akasema, “Siku nyingine ukiwa nayo, sema unayo. Tutajua la kufanya.”

Mwezi uliopita nilianza kuandika andiko la utafiti mpya. Kwenye bajeti, chini ya gharama za dawa, niliongeza mstari mmoja: ndama wa majirani. Msimamizi wangu aliuzungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni swali la haki kabisa: “Wangapi?” Andiko liko mezani kwangu. Nimeshajaza kila mahali palipobaki, isipokuwa hapo.